Kutoka visimani hadi darasani

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama miaka yako minne ya kupima visima Micheweni itakuwa imepotea ukiacha uhandisi wa mazingira ukafundishe chuo. Haipotei hata kidogo. Nami nilipita njia hiyo hiyo.

Karatasi kwanza: shahada ya kwanza haitoshi kuwa mhadhiri msaidizi, utahitaji ya uzamili. Anza kuiomba sasa ukiwa bado kazini, maana nafasi za kufundisha, SUZA (chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar) au kwengineko, hazitoki kila siku.

Lakini utajiri wako umo kwenye daftari la kazini. Somo langu la mwanzo lilikuwa maji ya chini ya ardhi. Kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake, yakielea juu ya maji ya chumvi. Wanafunzi waliandika kimya. Nikawahadithia kisima kimoja cha Makunduchi: pampu ilivuta kaskazi nzima, usiku na mchana, hata bibi mwenye nyumba akanipa kikombe nionje. Chumvi tupu! Maji baridi yakishuka nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda mita 20. Hapo peni zikasimama, mikono ikainuka.

Basi vipimo vyako vyote vitunze: tarehe, kina, chumvi. Na kabla hujaacha kazi, omba ufundishe kipindi kimoja kwa wiki. Saa moja ya darasa hula usiku mzima wa matayarisho. Posho za safari utazikosa, hilo lizungumze mapema na wa nyumbani.