Panya Aliyeondolewa Jeni Maabarani: Je, ni Kubadili Maumbile ya Allah?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma Uholanzi. Nimepata kazi ya ufundi katika maabara inayozalisha panya walioondolewa jeni moja (agizo la urithi lililomo ndani ya seli) ili kuchunguza maradhi ya moyo. Jeni hubadilishwa ndani ya seli shina za kiinitete cha panya, panya wakazaliwa, sisi tukawatoboa masikio kwa alama, na wengi wao huuliwa. Nikisoma Suratun-Nisaa aya ya 119, pale Shetani anapoahidi kuwaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadili alichoumba Allah, naona kama aya inanisema mimi. Je, kazi hii ni halali? Wakinihamishia kwenye viinitete vya binadamu nifanyeje? Na nguo zinazopata mkojo wa panya naziswalia vipi?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Alhamdulillah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Ndugu yetu, wanazuoni wamesema hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze na kinachofanyika, kwani wewe unakiona kila siku lakini wengi watakaosoma jibu hili hawakijui.

Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman, huko Cambridge, walifanikiwa kuotesha seli zilizotolewa ndani ya kiinitete cha panya cha siku chache tu. Seli hizo, ndizo seli shina, bado hazijaamua kuwa ngozi, moyo wala ubongo. Anayetaka kuzima jeni fulani huandaa kipande cha DNA, yaani uzi unaobeba jeni, ambacho ncha zake mbili zinafanana na jeni ile, na katikati kimekatizwa kwa jeni nyingine inayoipa seli kinga dhidi ya dawa iitwayo G418. Seli hupigwa mshituko mfupi wa umeme ili kipande kiingie, kisha humwagiwa dawa, na zisizokipokea hufa. Hapo kazi haijaisha, kwa sababu katika seli zilizobaki nyingi kipande kimedandia mahali pasipo pake. Kila koloni, yaani kundi la seli zilizotokana na seli moja, lazima lipimwe. Koloni lililopatikana sawasawa huchukuliwa seli zake kumi hadi kumi na tano, zikadungwa ndani ya kiinitete kingine cha siku tatu na nusu, nacho kikapandikizwa kwa panya mlezi. Baada ya siku kama 17 huzaliwa panya wa mabaka: kama seli zilitoka kwa ukoo wa kahawia na kiinitete kwa ukoo mweusi, utayaona makabila mawili kwenye manyoya ya panya mmoja. Mario Capecchi, Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa njia hii. Siku hizi maabara nyingi hutumia CRISPR, kifaa kama mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa, moja kwa moja kwenye yai lililorutubishwa, ni haraka zaidi, lakini hukumu haibadiliki.

Sasa itazame hatua ile ya kipande kuingia mahali pake. Mwanasayansi hana sindano ya kukishonea. Seli yenyewe ndiyo inayokishona, kwa mitambo ya kujikarabati ambayo Allah ameiweka ndani yake. Binadamu amejua tu kuitumia. Hapa hakuna aliyeumba, wala aya ya 73 ya Suratul-Hajj, inayosema hawataumba hata nzi wajapokusanyika, haijaguswa.

Tuje kwenye aya iliyokutia hofu. Masikio yanayotajwa pale ni ya wanyama ambao washirikina waliwakata na kuwaacha kwa ajili ya masanamu, wale wa bahira na saiba ambao Suratul-Maida aya ya 103 imewabatilisha. Ubaya ni ile ibada ya uongo. Anas bin Malik amepokea katika Bukhari na Muslim kwamba alimkuta Mtume (s.a.w.) kwenye zizi akiwatia alama kondoo, na mpokezi akasema: nadhani alisema, kwenye masikio yao. Alichokataza ni kuchoma alama usoni. Kwa hiyo tundu lako la milimita mbili kwenye sikio lina asili katika Sunna. Bali linafaa kuliko kukata ncha ya mkia, maana kile kipande cha nyama kinachotoka kwenye tundu ndicho hupelekwa kwenye kipimo cha PCR, kinachoonyesha panya huyo ana jeni gani: maumivu mara moja, faida mbili. Ukimtoboa leo kwa alama na wiki ijayo ukamkata mkia kwa kipimo, hiyo ya pili ni adha isiyo na sababu.

Na "kubadili alichoumba Allah", wako Masalafi (wanazuoni wa vizazi vya mwanzo) waliosema ni kubadili dini ya Allah, na wako waliosema ni kuhasi. Lau kila badiliko la kiumbe lingekuwa haramu, tohara isingekuwa Sunna. Baraza la Fiqhi la Makka, lililo chini ya Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), lilipokaa mwaka 1998 liliruhusu uhandisi wa jeni katika mimea na wanyama kwa sharti usilete madhara kwa binadamu, mnyama au mazingira. Kutafuta dawa ya moyo ni maslahi ya kweli. Asili ya kazi yako, basi, inajuzu.

Lakini nakuomba usiishie kwenye neno "inajuzu" ukafunga ukurasa, kwa sababu hesabu yako kubwa iko kwenye vizimba.

Ukiwapandisha panya wawili wenye nakala moja ya jeni nzima na moja iliyozimwa, robo tu ya watoto watakosa jeni kabisa, nusu watakuwa kama wazazi, robo watakuwa wa kawaida. Maabara ikihitaji kumi waliokosa jeni, yategemewe kuzaliwa kama arobaini, na wengi katika thelathini waliosalia wanauliwa. Ukitaka jeni mbili zilizozimwa kwa mpando huo huo, hesabu inashuka hadi mmoja kwa kumi na sita. Lakini kama waliokosa jeni wanaishi na wanazaa, mpandishe mmoja wao na mwenye nakala moja: nusu ya watoto watafaa, na idadi ya wanaouliwa bure inashuka sana. Ukoo usiotumika, mbegu zake zigandishwe badala ya kuzalisha panya mwezi hadi mwezi wa kuja kuuliwa. Mpango wa uzazi ni suala la kisheria kabisa, na fundi anayenyamaza wakati anaona idadi ingeweza kupunguzwa ana sehemu yake ya lawama.

Panya ni katika watano ambao Mtume (s.a.w.) ameruhusu wauliwe hata ndani ya Haram. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Amesema katika Hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyopokewa na Muslim: "Allah ameandika ihsani katika kila kitu. Mnapoua, ueni vizuri." Watoto wachanga wa panya hustahimili gesi ya kaboni dioksidi muda mrefu kuliko wakubwa, wanaonekana wamekufa, kumbe bado. Usimpeleke yeyote kwenye friji wala tanuri kabla hujathibitisha kifo kwa njia ya pili, kwani "haadhibu kwa moto ila Mola wa moto."

Na yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, kosa lake lilikuwa nini? Alimfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Wanazuoni wakachukua humo kwamba kumfunga mnyama unayemhudumia kunafaa. Sasa panya wako wa moyo dhaifu huenda hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma kufikia chakula kilichowekwa juu kwenye wavu. Chakula kipo, naye anakufa njaa. Mlowekee, umwekee sakafuni. Ncha ya chupa ya maji ikiziba, kizimba kizima kinakauka bila wewe kujua. Iguse kwa kidole kila siku, uone tone.

Dume la kuchumbulia, lile linalokatwa mirija ya mbegu ili majike wapandwe bila kushika mimba na miili yao iwe tayari kupokea viinitete, lina utata kidogo. Imam Nawawi amesema kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu. Ninavyoona, kukata mirija si kuhasi, kwani korodani na matamanio vimebaki. Afanyiwe chini ya nusukaputi na dawa ya maumivu, na atumike miezi mingi badala ya kukata wapya ovyo.

Ama viinitete vya binadamu, hapo simama kwanza. Akademia ya Fiqhi ya Jeddah ilisema mwaka 1990 kwamba mayai yaliyorutubishwa maabarani kwa ajili ya mimba yakazidi yaachwe bila huduma hadi yafe yenyewe. Baraza la Makka mwaka 2003 likaruhusu yatumike katika utafiti wa seli shina, kwa idhini ya wazazi na bila kupandikizwa katika mimba isiyo halali, na likakataza kutengeneza kiinitete kwa mbegu za kujitolea au kuharibu mimba kwa makusudi. Mimi nakuchagulia kauli ya Jeddah, kwa sababu leo zipo seli za watu wazima zinazorudishwa hali ya ushina, njia ya Shinya Yamanaka ya mwaka 2006, na haja imepungua. Ama kubadili jeni za kiinitete kisha kizaliwe, kama alivyofanya He Jiankui kule China mwaka 2018, ni haramu: hitilafu inarithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa.

Kuhusu twahara, mkojo wa panya ni najisi kwa Mashafi. Ondoa mkojo wenyewe, mwagia maji hadi harufu na rangi vitoke, inatosha. Wepesi zaidi, vua joho la maabara na uswali na nguo za ndani yake.

Kuna jambo hukuliuliza. Sahani za kuoteshea seli hupakwa gelatini, na mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Tripsini ya kubandulia seli nayo mara nyingi hutoka kwenye kongosho la nguruwe. Kuzishika kwa glavu hakuna dhambi. Ikikugusa ngozi, kauli mashuhuri ya madhehebu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, ingawa Nawawi ameona kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha. Gelatini ya ng'ombe ipo, na tripsini inayotengenezwa na vijidudu ipo pia. Mwambie anayeagiza vifaa aandike hizo.

Wallahu a'lam.