Misa za Lugha Mbalimbali: Umoja wa Ekaristi Uko Wapi?

SWALI: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Parokiani kwetu kila Jumapili kuna Misa ya Kisamia, ya Kiteso na ya Kiswahili, na wengi hawahudhurii kamwe Misa isiyo ya lugha yao. Isitoshe, koo mbili zenye kesi ya shamba hazisalimiani, lakini zote hupanga foleni ya Komunyo. Tunafundishwa kwamba Ekaristi ni chemchemi ya umoja. Mbona hatuuoni? (Msomaji, Busia, Uganda)

JIBU: Milele na milele, amina. Umeuliza mambo mawili ambayo hayana uzito sawa.

Kuhusu lugha, usihangaike sana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, ulifungua mlango wa kuadhimisha Misa kwa lugha za watu, na anayesali Kiteso hajajitenga na anayesali Kisamia. Sikiliza Sala ya Ekaristi: katika Misa zote tatu hutajwa Papa yuleyule na Askofu Mkuu yuleyule wa Tororo. Tena, baada ya mageuzo, yaani mkate na divai kugeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, padre huomba kwamba Roho Mtakatifu awakusanye wawe kitu kimoja wote wanaoshiriki Mwili na Damu ya Kristo. Umoja, basi, huombwa na kupokewa. Hatuuleti sisi altareni baada ya kupatana. Ndivyo Mtakatifu Paulo anavyowafundisha Wakorintho, kwamba walio wengi huwa mwili mmoja kwa kushiriki mkate mmoja (1 Kor 10:17).

Hata Roma ya kale waamini hawakuenea katika kanisa moja. Papa Inosenti I, akimwandikia askofu wa Gubbio mwaka 416, anaeleza kwamba siku ya Jumapili mapadre wa makanisa ya mjini, ambao hawakuweza kuwaacha waamini wao, walipelekewa kipande cha Ekaristi aliyoiadhimisha yeye, ili wasijione wametengwa naye. Wataalamu wengi huhusisha na desturi hiyo kile kipande kidogo cha hostia ambacho padre hukitia ndani ya kalisi, yaani kikombe cha Misa, kabla ya Komunyo. (Wengi hawakioni, kwa kuwa wakati huo bado wanazunguka kanisani kupeana amani.)

Suala la koo hizo mbili ndilo zito. Paulo huyohuyo aliwakemea Wakorintho waliokula na kulewa huku wenzao wakikaa na njaa, akamtaka kila mtu ajipime kabla ya kuula mkate huo. Naye Bwana anamwagiza mwenye ugomvi aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake (Mt 5:23-24). Hata hivyo, usiwahukumu wakiwa kwenye foleni, kwani hujui nani ameshaungama wala nani ametuma mjumbe kwa mwenzake. Kudai shamba kwa haki mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) au mahakamani si dhambi, na mdai anaweza kabisa kumsalimia mdaiwa wake asubuhi ya kesi. Kosa ni kuilea chuki kwa makusudi, na anayejijua kuwa nayo akimbilie kitubio kabla ya kupokea. Kwa upande wenu, wazee wa jumuiya ndogo ndogo waende nyumba zote mbili sasa, bila kungoja hukumu, maana kesi za ardhi, kama ujuavyo, huweza kuchukua miaka.