Niliigiza mtoto, nikajikuta nadanganya

Aliyeandikishwa kwenye kikundi cha malezi ni mke wangu. Siku ya kwanza alikuwa na homa, nikaenda badala yake. Mtaani kwetu hapa Nkuhungu, Dodoma, nikakuta kina mama kumi na wanne, mwanaume peke yangu. Nikakaa karibu na mlango.

Swali langu lilikuwa moja: nisipochapa, nifanyeje? Kijana wangu wa darasa la sita alikuwa anatoroka tuisheni. Mwezeshaji akanijibu, "Huko tutafika, baba. Wiki hii kaa naye dakika kumi kila siku, yeye achague mtakachofanya." Nikaona napotezewa muda. Kumbe programu nyingi za malezi chanya, yaani kulea bila kuchapa, kuanzia ya Carolyn Webster-Stratton wa Marekani hadi Furaha Teens iliyoendeshwa hapa nchini kwa vipindi 14, zimepangwa hivyo makusudi: kwanza ukaribu na kumsifia mtoto, nidhamu baadaye. Kwa hiyo usiruke vipindi vya mwanzo, hata kama vinaonekana vya kitoto.

Kilichonigusa hasa ni igizo. Nikapangiwa kuwa mtoto. Mama mmoja anayeuza mchicha Sabasaba akawa mimi, akanisimamia kichwani: "Ulikuwa wapi? Si naongea na wewe!" Watu wakacheka. Mimi nimekaa chini, koo limekauka. Nikadanganya. Mtu mzima na ndevu zangu, kwenye mchezo, nimedanganya kwa kuogopa sauti! Tukarudia, safari hii yeye akachuchumaa, akauliza taratibu. Nikajibu ukweli bila hata kufikiri.

Hivyo kabla hujajiunga, ulizia kama watu wanaigiza na kupewa mazoezi ya nyumbani, au kuna mtu mmoja anasoma karatasi. Semina ya karatasi nimewahi kuhudhuria. Tulikunywa soda, tukarudi na fimbo zetu. Ombeni pia vipindi vianze baada ya mavuno. Mvua za Desemba zikishashika, nusu ya kikundi iko shambani. Na kina baba, nendeni wawili wawili, mlango hautoshi kujificha.

Zile dakika kumi, kijana alichagua drafti. Alinifunga siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, macho yakiwa kwenye kete, akaniambia kwa nini anatoroka: alikuwa anadaiwa hela ya tuisheni, na kila alipoitaja nilikuwa namwambia, "Kesho."