Amri isiyongoja jibu

Ndugu uliyeanzisha mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, riwaya za distopia, yaani za jamii ya kutisha inayommiliki mtu, kama 1984 ya George Orwell zina maana gani kwa Mwafrika, ambaye tangu azaliwe ni mtu wa ukoo na kijiji? Pili, mpaka kati ya uhuru wa mtu na mamlaka ya jamii upite wapi? Wengi waliotangulia wamesema hizo ni hofu za Wazungu waliozoea kuishi kila mtu na lake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari hapa Kampala na sikubaliani nao. Naomba nianzie nyumbani.

Mama yangu hakuwahi kusoma Kiswahili, lakini alikuwa na maneno yake kama kumi hivi, aliyoyasikia kwa askari. Simama. Kaa chini. Toa kipande. Lete pesa. Kimya. Panda gari. Aliyeishi Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1980 anajua kwamba "panda gari" haikuwa karibu ya safari. Askari walikuwa wanauzingira mtaa alfajiri, wanakusanya watu uwanjani, na malori yanangoja. Mama alikutwa sokoni. Waliketishwa juani hadi alasiri, na mtu aliyefunikwa kichwa kwa gunia akapitishwa mbele ya safu. Aliyetikisiwa kichwa na yule mtu alipandishwa lori. Kila akifika hapo Mama husimulia ndala zake. Moja alikuwa ameikalia, nyingine ilikuwa mbele yake hatua moja, ya buluu, mkanda wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Aliitazama kwa saa nyingi bila kuthubutu kunyoosha mkono aivute. Mwanamke wa jirani alijaribu kueleza kwamba ameacha mtoto mgonjwa, akaambiwa kimya. Mama mwenyewe, hata angeruhusiwa kusema, hakuwa na neno la kujibia katika lugha ile.

Nilipomwambia kwamba nakwenda kusomea Kiswahili, hakunigombeza. Aliniuliza kwa Kiganda: "Unataka kumkamata nani?"

Ndiyo maana nilipokuja kusoma 1984, iliyotoka mwaka 1949, kilichonishika hakikuwa ile runinga inayomtazama mtu chumbani kwake. Alinishika Syme, yule mtunga kamusi anayejivunia kwamba lugha mpya ya Chama kinachotawala inapunguza maneno kila mwaka. Katika lugha hiyo neno "huru" limebakizwa kwa mambo kama mbwa kutokuwa na chawa, basi. Uhuru wa kufikiri na kusema hauna tena neno. Niliweka kitabu chini. Kiswahili cha Mama kilikuwa kamusi ya namna hiyo hiyo, maneno kumi na yote amri. Lugha yenyewe ni bahari, lakini kwenye kizuizi cha barabarani ilikatwa ikabaki kijiko.

Sasa kuhusu kijiji. Ni kweli kabisa kwamba kijiji kinambana mtu. Kwa babu yangu, upande wa Masaka, ngoma ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kufyeka njia na kusafisha kisima. Usipotokea utaulizwa. Nikiwa mdogo, siku moja Babu alikataa kutoka. Jioni mwenyekiti wa kijiji alikuja na wazee wawili. Babu akawakaribisha viti, akawaambia kisima cha upande wa mwenyekiti kimesafishwa mara mbili na cha upande wetu hakijaguswa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Babu alitoa faini yake, jogoo mmoja, na safari iliyofuata majembe yalianzia kwetu.

Hapo ndipo ninapouweka ule mpaka unaouuliza. Jamii inaweza kunidai jembe langu, jogoo wangu, hata usingizi wangu wa Jumamosi, mradi nikisema inasikiliza na mimi nikiona kosa lake naweza kulitaja. Mwenyekiti alimjua Babu na Babu alimjua mwenyekiti, na madeni yake pia. Ile runinga ya Orwell inakuona, wewe huijui, wala huwezi kuizima. Kwa hiyo usiwaweke ukoo na Chama kapu moja kwa sababu tu vyote viwili vina watu wengi.

Na si kweli kwamba hofu hii ni ya kigeni. Shaaban Robert aliiandika katika Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Nchi inaelea angani, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa siku sita. Siku sita za kujibu, kwa Kiswahili hiki hiki.

Darasani kila mwaka nawaambia wanafunzi wapya waandike ubaoni maneno ya Kiswahili waliyoyasikia nyumbani. Ubao hujaa amri, hata leo. Amin alikifanya lugha ya taifa kwa tangazo mwaka 1973, katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini masikioni mwa wengi bado kimevaa buti, na siwalaumu. Mwaka jana binti mmoja aliuliza: "Mwalimu, mtu akiniambia toa kipande, mimi nasemaje?" Niliacha somo nililoandaa. Kipindi kizima tuliandika majibu: samahani afande, kitambulisho kipo nyumbani, naomba nimpigie mzazi wangu, naomba kujua kosa langu.

Brave New World ya Huxley, ya 1932, inaniogopesha kwa njia nyingine. Kule watu hawafokewi. Wanapewa starehe na vidonge (dawa hiyo inaitwa soma, na wanafunzi wangu hawaishi kushangaa) hadi hawana hamu ya kujibu chochote. Hiyo inastahili uzi wake.

Disemba nilikuwa kwa Mama nasahihisha insha, nikamsimulia Karama kwa Kiganda. Aliacha kumenya matoke. "Siku sita zote, hawakumwambia kimya?" Nikamwambia mfalme aliamua asikilizwe, na mwishowe akaachiliwa. Akaendelea kumenya. Baadaye akauliza Waswahili wanasemaje mtu akitaka kumaliza maneno yake.

"Subiri nimalize kusema," nikamwambia.

Alilirudia mara tatu, kisu mkononi, mpaka likamkaa ulimini.