Muvi ya muuaji wa kukodiwa: anza na mpya, malizia na ya zamani

Nikiombwa nipendekeze muvi ya mapigano ya wikiendi, mara nyingi nataja The Mechanic ya 2011, ya Jason Statham. Halafu naongeza: ukiimaliza, tafuta na ile ya 1972, ya Charles Bronson. Hapo watu hucheka. Nani ana muda wa kuangalia hadithi moja mara mbili? Mimi nakwambia jaribu, kwa sababu ukizitazama zikifuatana ndipo utajua hasa ni kitu gani kinachokunasa.

Hadithi ni ileile. Arthur Bishop anaua kwa malipo, na sifa yake ni kwamba kazi yake hufanana na ajali. Anatumwa kumuua Harry McKenna, mtu wake wa karibu. Anamuua. Kisha anamchukua Steve, mtoto wa huyohuyo marehemu, na kumfundisha kazi.

Anza na mpya, kwa sababu haina kona nyingi. Inafunguka Kolombia: tajiri wa dawa za kulevya anaogelea, walinzi wamesimama pembeni na silaha zao, na Bishop yuko chini ya maji anamsubiri. Anamvuta na kumshikilia mpaka anatulia, na hakuna mlinzi anayeshtuka. (Statham alikuwa mpiga mbizi wa mashindano kabla ya kuingia kwenye sinema, aliiwakilisha Uingereza kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1990, ndiyo maana majini anaonekana yuko nyumbani.)

Sasa weka ya Bronson. Robo saa ya mwanzo hakuna anayesema neno. Bishop anapanga chumba kwenye hoteli iliyochoka huko Los Angeles, dirisha likitazamana na nyumba ya mtu anayemwinda. Anapiga picha. Anarudi kwake, anazibandika ukutani, anazitazama. Anaingia kwa yule mtu akiwa hayupo, anagusa jiko la gesi, anagusa majani ya chai, anagusa kitabu kwenye rafu. Wewe huelewi anafanya nini, lakini macho huyatoi. Mpwa wangu nilipomwekea aliniuliza, "Mjomba, mbona hawapigani?" Dakika kumi baadaye alikuwa amenyamaza na simu ameweka chini.

Kwangu utamu wa muvi hizi uko hapo. Risasi zipo kwenye kila muvi. Kinachotunasa ni kumtazama mtu anayeijua kazi yake akiifanya bila haraka, hata kama kazi yenyewe ni ya laana. Kwa hiyo ukitaka kujua kama muvi ya namna hii inafaa, tazama inavyoonyesha maandalizi. Kama stelingi anatoka tu kitandani na kuanza kufyatua, zima, kalale. Na ya 1972 usiitafute iliyotafsiriwa. Nawapenda ma-DJ wetu wanaotafsiri muvi kwa kuzungumza juu yake, nimekulia kwenye mabanda ya video, lakini sijamwona DJ wa kunyamaza robo saa.

Kitu cha pili cha kuchunguza ni dhamiri. Bishop wa Statham anamuua Harry kwa sababu amedanganywa na mabosi, kwa hiyo akigundua anakuwa na haki ya kulipiza kisasi, na sisi tunamshangilia tukiwa na amani moyoni. Bishop wa Bronson hakudanganywa na yeyote. Ametumwa, ameenda. Lakini mwili wake unamdai: anameza vidonge, anaanguka katikati ya watu, na anamlipa kahaba amsomee barua ya mapenzi aonekane ana mtu anayemngoja. (Kahaba huyo ni Jill Ireland, mke wa Bronson mwenyewe.) Toleo jipya limemsafisha muuaji ili tusione haya kumpenda. Linaburudisha zaidi, sikatai. La zamani ndilo lililonikaa kichwani.

Kama hujaziona, ruka aya hii. Ya 1972 inawaua wote wawili, mwalimu na mwanafunzi. Ya 2011 inamwacha Bishop hai, na 2016 akarudi kwenye sehemu ya pili, ambayo sikushauri uitolee bando.

Ukishanogewa, nenda kwa mwongozaji John Woo. Mwaka 1989 alitengeneza The Killer huko Hong Kong, Chow Yun-fat akiwa muuaji anayetaka kumsaidia mwimbaji aliyempofusha kwa bahati mbaya. Mwaka 2024 Woo huyohuyo akaitengeneza upya, safari hii Paris, muuaji akiwa mwanamke, Nathalie Emmanuel, na Omar Sy akiwa polisi. Hapa geuza mpangilio, anza na ya zamani. Ukianza na ya Paris unaweza kudhani Woo ni wa kawaida tu, ukaacha hata kuitafuta ile nyingine.