Gauni la inchi 3

Mkuu mleta mada, umesema umeachwa miezi minne sasa, talaka bado iko baraza la usuluhishi, na kuna dada kazini naye katoka kuumizwa. Unauliza muanze au msubiri. Naona wengi wanakwambia ujilipue. Mimi nakupa yangu, utapima mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, Kigamboni, kibaraza changu hakiko mbali na pantoni. Mwaka 2018 mke wangu aliondoka. Alikuwa na mtu, na mtaa mzima ulijua kabla yangu. Yaishie hapo.

Miezi mitano baadaye akaja dada mmoja na mfuko wa rambo, ndani magauni matatu, yote ya kupunguza. Mwanamke anayepunguza magauni matatu kwa mpigo, ama anaumwa ama kuna jambo. Fundi hasubiri kuambiwa. Nikamzungushia futi kiunoni: inchi 3 zimepotea. Akasema, "Kaka, kata tu hiyo ya ziada, mimi sinenepi tena." Sikukata. Nilikunja kwa ndani, nikapitisha mshono wa hatua ndefu, ule ukivuta uzi unafumuka wote. Wala sikumwambia.

Usidhani mapenzi yalianzia hapo. Alikuwa akishuka pantoni jioni anapita: "Fundi, za kazi?" "Nzuri, pole na mihangaiko." Miezi miwili hivyo hivyo. Hadi Januari, pantoni likaharibika, watu wakarundikana ng'ambo, yeye akavuka saa 3 usiku. Mimi bado niko na sare za shule, wazazi wananitoa roho. Akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akala nusu ya muhogo wangu wa kuchoma bila kukaribishwa. Siku hiyo ndiyo nilijua jina lake.

Sasa kuna ushauri unatolewa sana, kwamba mfungukiane, mwambiane yote. Sisi hatukusimuliana, na haikuwa busara, tuliogopa tu. Lakini nimewaona waliokutana kwa vidonda, kila jioni kazi ni kuvichokonoa. Siku vikipona hawana cha kuongea. Ya kwake niliyajua baada ya miezi saba: posa ilishapokelewa kwao, mwanaume akaenda kuoa kwingine. Aliyasema huku ameinama anatafuta kifungo kilichodondoka chini ya cherehani. Alipokiona tukaendelea na mengine.

Nilipoharibu ni hapa. Jumamosi moja hakupokea simu. Nikapiga mara 11, naona aibu hata kuandika. Alipopokea nikamuuliza, "Uko na nani?" Swali lile halikuwa lake, mkuu. Lilikuwa la mke wangu. Nililibeba mwaka mzima nikakosa pa kulitua, nikamtwika yeye. Akakata simu. Kesho yake hakupita, wala keshokutwa. Baadaye nikasikia anazunguka na daladala za Daraja la Nyerere, njia ndefu, mradi asipite kibarazani kwangu. Nikamwandikia mara moja tu: "Nimekukosea. Lile swali halikuwa lako." Hakujibu. Wiki tatu, kila pantoni likifunga gati nainua kichwa kama mjinga. Wiki ya nne akapita, "Fundi, za kazi?" Tukaanza upya kwenye salamu.

Na hilo la talaka usilifanyie mzaha. Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inakutaka upite baraza la usuluhishi kwanza, likishindwa linakupa hati, ndipo uende mahakamani, na mahakama ndiyo inayovunja ndoa. Hati ya baraza pekee si talaka, ingawa wapo wanaotembea nayo mfukoni wakidhani wameshamaliza. Mimi nilitaka kujifanya nimemaliza, yeye ndiye alinibana: "Kaka, nilishakuwa mchumba wa mtu mwenye mambo yake pembeni. Kamalize kwanza." Nikaenda Mahakama ya Mwanzo, nikahangaika na tarehe, nikamaliza. Muda wote huo hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba changu. Ndoa tulifunga 2021, kimya kimya, bila kadi za mchango.

Kabla ya hapo, 2020, alikuja na lile gauni la bluu. "Fundi, linanibana." Nikaligeuza, nikavuta uzi, mshono ukaachia wote. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa bado bluu ya dukani, huko nje kimeshapauka kwa jua na sabuni. Akaushika ule mstari, akaupitisha kidole taratibu.

"Si nilikwambia ukate?"

"Nilisikia."

Akanilipa elfu tano ya ufundi, na chenji akaidai.