Mtoto wa miaka miwili na kadi za maneno: nilivyofanya na wangu

Dada uliyeuliza kama mtoto wa miaka miwili na miezi minne aanzishiwe kadi za maneno, na mangapi kwa siku, nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Binti yangu nilimwanzishia kadi 20 kwa mkupuo. Wiki mbili hazijaisha, kadi ya "mama" anaitaja hata sijamaliza kuigeuza. Furaha niliyokuwa nayo! Siku moja nikaandika "mama" sakafuni kwa chaki, akanitazama tu. Kumbe ile kadi ilikuwa na kona iliyokunjika, naye alikuwa akiitambua kwa kona.

Nikaziweka kadi kando, tukarudi kwenye maneno ya mdomoni. Hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako, kwa sababu neno ambalo mtoto halijui kwa kusikia, hata akilitamka kutoka kwenye karatasi halimwambii kitu. Tulicheza vitenzi: nikisema "nyata", tunanyata wote mpaka mlangoni, kisha "chuchumaa", "inama", "ruka". Tulificha mdoli: yuko juu ya kiti, chini ya kiti, au nyuma yake? Siku chache baadaye akamwona paka anamvizia ndege, akaninong'oneza, "Mama, paka ananyata." Machozi yalinilengalenga.

Maandishi tuliyarudia taratibu. Kwanza jina lake, kisha vitu anavyovipenda, visizidi vitano. Kila mara niliandika upya, karatasi nyingine, rangi nyingine, ili asipate pa kushika ila herufi zenyewe. Tumia herufi ndogo, maana ndizo zinazojaa vitabuni. Dakika tano zinatosha. Akianza kutupa kadi, funga mchezo.

Kuna mwenzetu amekushauri orodha ya Dolch yenye maneno 220, yale yanayojirudia sana ambayo mtoto hufundishwa kuyatambua kwa kuyaona tu. Orodha hiyo ilitoka Marekani mwaka 1936 kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ya kila siku hayatamkwi kama yanavyoandikwa. Kiswahili hakina shida hiyo. Tena maneno yetu hayatulii: anaruka, wanaruka, hataruka. Aliyekariri "anaruka" kama picha atakwama kwenye "wanaruka". Kwa hiyo ya kukariri mazimamazima nilichagua vijineno tu kama "na", "ni" na "kwa", vinavyojirudia kila ukurasa. Mengine tulianza kuyavunja silabi alipofikisha miaka mitatu na nusu. Kwenye "mama" akaipata "ma", tukaenda kuisaka kwenye "maji" na "macho", akawa anaigonga kwa kidole kila anapoiona.

Sasa ana miaka minne. Tukisoma napitisha kidole chini ya mstari, na tukifika kwenye "na" mimi nanyamaza, yeye ndiye anayeisema.